Mwalimu Aliyehesabu Miiba

Ukimwamkia Mwalimu, aliitikia marahaba, kisha akakuuliza maswali matatu: umetoka wapi, umepitia wapi, umebeba nini. Hakuwa na salamu nyingine. Habari za nyumbani hakuuliza, habari za shamba hakuuliza. Aliwauliza hivyo mzee wa kanisa na imamu, akawauliza watoto wa shule na walevi waliotoka kilabuni. Mama mmoja muuza dagaa alichoka siku moja akamjibu, "Nimetoka kwangu, nimepita njiani, nimebeba shida zangu." Watu wote waliokuwa kibandani kwangu wakacheka. Yeye hakucheka. Alichomoa kalamu kwenye mfuko wa shati akasema, "Njia ipi, mama? Ya mawe au ya mchangani?"

Nilimjua kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo nilimwona akinyamaza mara mbili tu. Nitafika huko. Sipendi kufika, lakini nitafika, maana siku ya kwanza aliponyamaza yeye, mimi nilifanya jambo ambalo sijalimaliza mpaka leo.

Mimi ni fundi baiskeli. Niliishia darasa la saba. Kibanda changu kiko mahali panapoitwa Kwa Mashine, katika kijiji kilicho ndani kidogo ukitoka Iguguno. Mashine yenyewe ya kusaga ilikufa zamani na vyuma vyake vikauzwa, lakini njia tano za miguu walizozichimba watu waliokuwa wakipeleka mtama na uwele kusaga bado zinakutana pale. Njia hizo ndizo zinazonilisha, na ndizo zilizomleta Mwalimu kwangu.

Wakati huo alikuwa anafundisha jiografia katika sekondari ya kata. Alikuja na baiskeli yenye pancha. Nikavua tairi, nikachomoa mwiba, nikautupa. Akainama kuutafuta mavumbini mpaka akaupata.

"Huu ni wa wapi?"

"Mwiba tu, Mwalimu."

"Fundi, hakuna mwiba tu. Wa mti gani, na mti huo uko njia ipi?"

Nikamwambia ninachojua, jambo ambalo sikuwahi kudhani ni la kumwambia mtu. Mwiba mrefu mweupe ni wa mgunga, na huo hutoka njia ya ng'ombe, kwa sababu wachungaji hukokota matawi yake kwenda kuzibia maboma. Mbigili hutoka njia ya mchangani, kwenye mashamba ya alizeti. Mwiba mfupi uliopinda kama ndoano ni wa vichaka vya kwenye mawe. Hivyo, mtu akiniletea baiskeli, kabla hajafungua mdomo najua amepita wapi.

Mwalimu aliketi juu ya tairi bovu. "Mimi nimehangaika na daftari miezi minane," alisema, "na wewe unachomoa majibu kwa koleo unayatupa."

Kesho yake alileta makopo matano ya rangi, matupu, akayapanga ukutani kwangu, kila njia na kopo lake. Kila mwiba niliouchomoa nilitakiwa niutupe kwenye kopo la njia yake. Kila Jumamosi alikuja, akaimwaga miiba juu ya gunia, akahesabu, akaandika, akairudisha koponi kwa uangalifu kana kwamba ni mbegu. Watu waliniuliza, "Fundi, siku hizi unalima miiba?" Niliona aibu, lakini niliendelea kuitupa makoponi. Nilikuwa sijawahi kuulizwa na mtu msomi kitu ambacho mimi nakijua na yeye hakijui.

Usomi wake nao ulikuwa na historia ya maudhi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini akiwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa, akaenda Dodoma kusoma jiografia ya uchumi na matumizi yake katika kupanga maeneo. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa. Ni elimu ya kujua soko likae wapi, zahanati ikae wapi, barabara ipite wapi, na kwa uamuzi huo nani atatembea sana na nani atatembea kidogo. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alikuwa na maelezo yake mafupi zaidi. "Ng'ombe zangu tatu zilikwenda Dodoma kusoma," alisema. "Hazijarudi. Aliyerudi ni huyu."

Alirudi akitumaini kwamba watamchukua upande wa mipango. Aliambiwa mwalimu ni mwalimu, arudi kwenye chaki. Akapeleka madaftari yake ofisini ili angalau yasomwe. Baada ya miezi alikwenda kuulizia, akakuta moja limewekewa birika la chai juu yake, jalada lina duara la kahawia. Alilileta kwangu kunionyesha duara lile. Nilidhani atacheka au atalia. Alisema, "Kipimo chake ni sentimita tisa," akalifunga.

Alikuwa mtu wa kusema, na alisema vibaya. Alimkatiza mtu katikati ya sentensi. Alimsahihisha mchungaji akiwa madhabahuni kuhusu umbali wa safari za Paulo. Alikuwa na neno lake la kila siku, kwamba umbali haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa mzigo, na kwamba debe la saa mbili asubuhi si debe la saa nane mchana. Mwenyekiti wa kijiji alimchokoza mara moja, akasema kutoka Kwa Mashine mpaka barabara ya changarawe ni dakika arobaini tu, mbona watu wanalia kwamba ni mbali.

"Umetembea ukiwa umebeba nini?" Mwalimu akamwuliza.

"Nimebeba fimbo yangu."

"Basi beba debe la vitunguu, kichwani, sasa hivi."

"Mwalimu, mimi ni mwenyekiti."

"Vitunguu havijui."

Mwenyekiti hakubeba. Akabeba Mwalimu mwenyewe, mtu wa miaka hamsini na kitu, jua la saa nane, sisi tukimfuata nyuma kama watu wa harusi. Alitumia saa moja na dakika kumi na mbili, amesimama kupumzika mara saba, na kila aliposimama aliandika. Shingo ilimkaa upande juma zima. Mama Mwalimu alimkanda kwa maji moto akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba ameolewa na msomi wa shingo.

Nisimpambe. Mtu huyu aliyepima mwendo wa kila mtu hakuwahi kufika mkutanoni kwa wakati hata siku moja. Aliazima pampu yangu akakaa nayo miaka. Na nyumba yake, yeye aliyesomea mahali pa kuweka vitu, ilikuwa imejengwa mahali pabaya kuliko nyumba zote kijijini: juu ya mwamba, mbali na maji, kwenye njia ya upepo, na mabati yaliruka karibu kila mwaka. Tulipomtania alijibu, "Nilijenga kabla sijasoma." Alipokwisha kusoma hakuihamisha.

Hata mwanangu mwenyewe alimgharimu. Binti yangu wa kwanza alisoma kwake, naye alikuwa akirudi nyumbani na kazi za ajabu: waulize wanawake kumi kwa nini wanauza kuku hapa na si pale, chora njia ya punda wa maji, eleza kwa nini mashine ya kukamua alizeti imewekwa Iguguno na si kijijini. Alikuwa anapenda, hata kula alisahau. Mtihani ulipokuja uliuliza kilimo cha ngano Kanada na viwanda vya Ujerumani. Akafeli jiografia, yeye na karibu darasa zima.

Nilikwenda kwake nimekasirika. "Mwalimu, mwanangu anajua kila njia ya Kwa Mashine, na amefeli."

Nilitegemea atanipa hotuba. Alisema, "Nimekosea, Fundi. Nilimfundisha mahali alipo, nikasahau kwamba hawatampima kwa mahali alipo." Muhula uliofuata alifundisha ngano ya Kanada. Wanafunzi walisema alikuwa anaifundisha kwa sauti ya mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Sasa habari ya ng'ombe, maana bila hiyo huwezi kuelewa siku ile.

Kwetu, mtu haulizwi ana ng'ombe wangapi. Ukiulizwa, unajibu "wapo kidogo," hata kama wanajaza bonde. Ng'ombe wengi hawakai hata nyumbani kwa mwenyewe. Unamwekea shemeji wawili, rafiki watatu, nao wanakuwekea wa kwao, hivyo boma la mtu halikwambii utajiri wa mtu. Wazee wanasema ng'ombe akihesabiwa mbele ya mgeni amekwisha kupungua. Sisi wa leo hatuogopi husuda peke yake. Tunaogopa pia kuambiwa kwamba eneo haliwatoshi, tupunguze.

Mwalimu aliicheka desturi hiyo hadharani. "Mnataka malisho ya ng'ombe ambao hawapo," alituambia. "Nani atatenga ardhi kwa ajili ya 'wapo kidogo'?" Lakini nilimwuliza mimi siku moja, kwa utani, nikiwa nabandika kiraka: "Na wewe Mwalimu, unao wangapi?" Akaangalia pembeni. "Wapo kidogo," akasema. Sikumcheka. Niliona ni mtu wa kwetu.

Siku ile wataalamu walikuja kutengeneza mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Walikuwa wawili, na aliyeongoza alikuwa binti mdogo, afisa mipango, mwenye adabu, aliyewaamkia wazee wote mmoja mmoja. Kulikuwa na fungu la kujenga soko la kijiji, na mahali pa kulijenga pangeamuliwa katika mpango huohuo. Mwalimu alikuwa amestaafu. Yeye na mimi tulikuwa wajumbe wa kamati. Niliona kwamba hakulala: alikuwa amevaa koti, na kwa mara ya kwanza alifika wa kwanza.

Afisa alituomba tuchore kijiji chetu chini, kwenye uwanja wa shule ya msingi. Majivu yawe barabara na njia, mawe yawe nyumba, majani yawe msitu, maganda ya alizeti yawe mashamba. Halafu yeye na mwenzake wakaenda kwenye gari kuchukua vifaa.

Mwalimu akachuchumaa. Alichora njia tano bila kuinua uso, mkono wake unajua kila kona. Nne zilikuwa nyembamba. Ya tano alichukua majivu kwa mikono miwili akaichora pana kama kanga iliyotandazwa. Hiyo ndiyo njia ya ng'ombe. Inatoka kwenye visima vya mchangani, inapita Kwa Mashine, inakata uwanda karibu na barabara ya changarawe, inakwenda malishoni. Wanawake nao huipita na mizigo yao kwa sababu ng'ombe wameisawazisha. Kopo lake la miiba ndilo lililojaa kwanza kila mwezi. Nia ya Mwalimu ilikuwa wazi kwa kila mtu: soko liwe Kwa Mashine, na uwanda uachwe wazi ng'ombe wapite.

Watu wakaanza kukohoa. Njia pana namna ile inasema ng'ombe wengi. Mtu yeyote akiiona atauliza ni wangapi, na ni wa nani.

Mwenyekiti aliniangalia mimi, kisha akaangalia mguu wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na mstari ule. Nilikuwa nimevaa katambuga za matairi. Niliupitisha mguu wangu wa kulia juu ya majivu, mara mbili, kama mtu anayesogeza tu uzito. Njia ikawa vumbi.

Nilikuwa na ng'ombe waliokuwa wakipita pale kila siku. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Afisa akarudi na kishikwambi chenye picha iliyopigwa kutoka angani. Akakiinamisha tuone. "Wazee wangu, huku naona mstari mweupe mrefu, unakata huu uwanda. Kwenye ramani yenu haupo. Ni barabara?"

"Hapana, binti yangu," Mwenyekiti akasema. "Hilo ni korongo. Mvua ikinyesha maji hupita hapo."

"Korongo," wakaitikia wengine, mmoja baada ya mwingine. "Korongo tu hilo."

Binti yule hakuwa mjinga. Alikuwa ameambiwa kuna mzee aliyesomea mambo haya, akamgeukia. "Mwalimu, ni korongo?"

Mwalimu alikuwa bado amechuchumaa. Alitazama pale nilipofuta. Alipangusa majivu mikononi, mkono wa kwanza, mkono wa pili, akapangusa tena ingawa yalikuwa yamekwisha. Hakusema chochote. Yeye aliyemsahihisha Paulo.

Afisa akaandika korongo. Uwanda ukaonekana mtupu, hauna mwenyewe, hauna kazi, tena uko karibu na barabara. Wakauwekea alama ya soko.

Soko likajengwa. Ni zuri, lina paa jekundu na meza za saruji na ukuta kuzunguka. Na kwa kuwa waliambiwa kuna korongo, chini ya ukuta walijenga kalavati la kupitisha maji ambayo hayajawahi kufika pale hata siku moja. Mbuzi wanapita ndani ya kalavati. Ng'ombe hawaenei. Ng'ombe wakatafuta njia nyingine, na njia nyingine ni mashamba ya alizeti. Jirani zangu wawili waliokula sahani moja tangu utoto walifikishana baraza la kata kwa ajili ya alizeti iliyokanyagwa.

Meza za saruji zimebaki kuanikia nguo. Wanunuzi hawaji kwa sababu wauzaji hawapo, na wauzaji hawapo kwa sababu ni saa moja na dakika kumi na mbili ukiwa na debe. Wanawake wamebaki Kwa Mashine, wanauza chini, juani, na kila baada ya muda mgambo huja kuwafukuza kwa kosa la kuuza nje ya soko. Mke wangu ni mmoja wao. Nimemwona akikimbia na beseni la vitunguu kichwani, mwanamke mwenye wajukuu, vitunguu vinadondoka kimoja kimoja, na mimi nimekaa na koleo mkononi. Jioni aliniuliza, "Hivi nani aliamua soko likae kule?" Nilisema wataalamu.

Mwalimu aliendelea kuja Jumamosi. Aliandika barua. Aligombana na kila mtu: mgambo, diwani, wachungaji, hata wanawake waliokuwa wakifukuzwa aliwafokea kwamba hawakuhudhuria mkutano. Wakati mwingine hasira ikimshika alihamia Kinyiramba, lugha ya kwetu, na hapo hata mbwa walitoka. Lakini hakuwahi kulitaja jambo la uwanja wa shule, wala mimi sikulitaja. Tulikaa nalo katikati yetu kama jiwe la kufunikia pipa.

Mara moja tu alilikaribia. Alikuwa anahesabu miiba, akasimama, akaishika miwili mitatu mirefu myeupe ya mgunga. Nilikuwa nimeitia kwenye kopo la njia ya mchangani, maana ndiko waliopata pancha walikuwa wamepita.

"Ona," akasema. "Njia imehama. Mwiba wa ng'ombe sasa uko shambani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kopo halidanganyi," akasema. Kisha, akiirudisha koponi, "Tunaodanganya ni sisi." Sikujua "sisi" ni akina nani.

Halafu miguu yake ikavimba. Ilianza kidogo, akawa anakuja na fimbo, baadaye hakuja kabisa. Jumamosi ya kwanza bila yeye niliimwaga miiba mwenyewe nikahesabu, nikaandika kwenye kipande cha boksi. Jumamosi ya nne nikafunga kibanda mapema nikaenda kwake.

Nilimkuta amekaa nje, upande usio na upepo, miguu juu ya kigoda. Mama Mwalimu alikuwa jikoni, mlango wazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kwa Mashine."

"Umepitia wapi?"

"Nimepita mashambani kwa watu. Njia imezibwa."

"Umebeba nini?"

Nilikuwa nimebeba kile kipande cha boksi na kuku mmoja wa kumpa Mama Mwalimu. Lakini nilisema, "Nimebeba lile jambo, Mwalimu."

"Lipi? Kwangu yako mengi."

"La majivu. Mimi ndiye niliyeifuta."

Hakushtuka. "Katambuga ya kulia," akasema. "Kisigino kimelika upande wa nje. Nilikuwa nimechuchumaa, Fundi. Mguu wako ulikuwa mbele ya pua yangu."

Kuku alipiga mbawa mkononi mwangu nikamweka chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimejificha mbele ya mtu anayeniona.

"Sasa kwa nini hukusema? Yule binti alikuuliza wewe. Angekuamini wewe."

Akanyamaza. Ilikuwa mara ya pili. Sauti iliyojibu ilitoka jikoni.

"Mwambie! Mwenzako amekuja mpaka hapa. Mwambie walikuwa wangapi."

Mwalimu alitazama miguu yake iliyovimba.

"Kumi na tisa," akasema.

Sikuwahi kusikia mtu mzima wa kwetu akitaja hesabu ya ng'ombe wake. Nilihisi kama amevua shati mbele yangu.

"Wako kwa shemeji yangu, ng'ambo ya visima," akaendelea. "Walikuwa wanapita njia ile kila siku. Mimi nilitaka njia ionekane, ng'ombe wasionekane. Uliponifutia nilikasirika, halafu yule mtoto aliponiuliza nikawaona wote kumi na tisa wamesimama katikati ya uwanja wa shule, wanahesabiwa. Mdomo ukakataa. Nimesoma, nimefundisha watoto wa watu, nimebeba vitunguu kichwani. Ilipofika siku yenyewe, nilikuwa kama Mwenyekiti." Akanitazama. "Na wewe unao wangapi?"

"Wanne."

"Wanne," akasema taratibu, kana kwamba anaandika. "Wanne tu, na wakatosha kuziba njia."

Akamwita mke wake alete majivu. Mama Mwalimu akaleta kwenye kibati, akanipa mimi. "Chora," Mwalimu akasema. Nikapiga magoti kwenye ule uwanja wa mwamba na mavumbi nikaanza kuichora njia kutoka visimani. Alinisimamia kama mwanafunzi mzito. "Mkono wa kushoto. Hapo inapinda, kuna jiwe. Pana zaidi. Pana, Fundi, unawaogopa mpaka sasa?"

Nilipomaliza alisema mpango unakaribia kupitiwa upya, watarudi na vishikwambi vyao, na yeye hatakuwepo.

"Utasema?"

"Nitasema."

"Kama mimi nilivyosema nitakurudishia pampu."

Mama Mwalimu alipotoka na ufagio jioni ile kufagia uwanja, Mwalimu alimwambia apapite pembeni, mstari usiguswe. Mama akasema anamwongezea kazi, lakini akafagia pembeni. Pampu niliondoka nayo. Ilikuwa imeharibika siku nyingi.

Alifariki kabla ya mvua. Siku ya mazishi nilifika mapema nikaenda moja kwa moja upande ule usio na upepo. Watu walikuwa wameshatandika turubai na kukanyaga kila mahali. Hapakuwa na mstari wowote.

Yule afisa alikuja kuzika. Si binti mdogo tena, ni mama wa watu, lakini adabu yake ni ileile. Nilimwambia Mwenyekiti nataka kuzungumza naye. Alijua papo hapo ni kuhusu nini.

"Si hapa," akaninong'oneza. "Tuko msibani. Na habari za ng'ombe usizianze mbele ya wageni."

Mama Mwalimu alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, kitenge begani. Nilidhani hasikii. Alisema, bila kunong'ona, "Mwache aseme. Aliyezikwa alikuwa na kumi na tisa."

Wazee wakainamisha vichwa kama waliosikia tusi. Mimi nikamfuata afisa kwenye gari.

"Lile korongo, mama, si korongo."

Hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. "Niliandika korongo kwa sababu mliniambia korongo," akasema.

"Ndiyo. Tulikwambia. Ni njia ya ng'ombe. Mwalimu aliichora, mimi nikaifuta."

"Nikisema kwa mdomo ofisini hawatanisikiliza. Niandikie, baba. Andika vyote, na aliyeichora alikuwa mtu gani."

Nimeandika hivyo nilivyoweza. Njia inaanzia kwenye visima vya mchangani. Inapita nyuma ya mashamba ya alizeti mpaka Kwa Mashine, inapinda mkono wa kushoto kwenye jiwe, inateremka uwandani, na hapo inakutana na ukuta wa soko. Upande wa pili wa ukuta inaendelea mpaka malishoni, ingawa sasa imeota majani. Ni pana. Wanawake wenye mizigo huipita pia. Ng'ombe wangu wanaoitumia ni wanne.